Ngozi Aliyoiomba Daktari

Jumanne, jioni. Ukungu umelala juu ya mahindi tangu asubuhi. Kijiji chetu cha Rhotia kimenyamaza, hata bodaboda sizisikii.

Jumatatu ijayo mwanangu Elia anafanyiwa upasuaji. Ana miaka minne. Alizaliwa tundu la mkojo likiwa upande wa chini wa uume, si nchani, kwa hiyo huchuchumaa kukojoa. Marehemu mke wangu ndiye aliyegundua, siku moja akimwogesha. Alimfunga taulo, akaniita.

Daktari alituambia jambo moja, akalirudia: tusimtahiri kwanza. "Ile ngozi ndiyo kitambaa changu, mama. Mkiitupa, njia mpya ya mkojo nitaishonea nini?"

Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Alielewa kabla yangu. Hakutupa kipande cha kitambaa mpaka mteja avae nguo na kuondoka nayo. Mfuko wa vipande vyake bado uko nyuma ya mlango. Sijaugusa.

Alifariki wakati wa masika. Yeye ndiye aliyekuwa akimkatalia mama yangu kila alipotaka Elia atahiriwe. Sasa nimebaki mimi, na mimi si mtu wa kukataa.

Shule zimefungwa, na Jumamosi kaka yangu anawatahirisha wavulana wote wa ukoo. Mimi kesho alfajiri natakiwa kupanda Ngorongoro, kwenye loji ninakopika, hadi Jumapili. Msimamizi amesema atakayekosa zamu msimu huu wa wageni asirudi tena. Elia anabaki na bibi yake.

Mama amefika leo mchana kumchukua. Nimemweleza yote upya: daktari, ngozi, Jumatatu. Amesikiliza huku akichambua maharage, halafu akauliza polepole, "Binamu zake wanamwita msichana. Atachuchumaa mpaka lini, mwanangu?"

Nimemwambia tusubiri Jumatatu tu.

"Haya. Wewe nenda kazini. Mtoto nitamtunza."

Amekubali upesi mno.

Mama yangu hajawahi kukubali kitu upesi. Hata sufuria huibishania mpaka muuzaji achoke. Tangu hapo nimejiambia kwamba nimefiwa, na mtu aliyefiwa huona mabaya kila mahali.

Sasa hivi nimefungua begi alilomfungia Elia, nimwongezee sweta. Nimekuta kanga mbili mpya, nyepesi, zimekunjwa vizuri. Ndizo wanazojifunga wavulana wetu kiunoni mpaka kidonda kipone.

Suruali hamna hata moja.

Nimekaa kitandani nimezishika. Elia yuko sakafuni anasukuma gari lake la vifuniko vya soda, ananguruma kama injini. Ananiuliza kama kwa bibi kutakuwa na sherehe, maana bibi amemwambia atachinjiwa jogoo.

Mama ameuliza tena kutoka jikoni, natoka saa ngapi alfajiri, anichemshie chai.

Kanga nimezitia kwenye mfuko wa vipande, nyuma ya mlango.

Kesho sipandi Ngorongoro.