Mkwe Akae Nyuma au Ubavuni

Jumamosi, mwezi wa saba. Baridi ya kukunja vidole. Jua lipo, ila limekuja kusalimia tu. Upepo umeanza kabla ya chai.

Leo nimeendesha baiskeli hadi ziwa Singidani na kurudi. Naandika nikiwa nimekalia mto, na chini ya mto huo kuna mto mwingine.

Wasomaji wangu ni wachache, na mmoja wenu ni mke wangu, kwa hiyo nitasema kweli. Mimi ni fundi cherehani wa miaka hamsini na minne. Kazi yangu ni kukaa. Mara ya mwisho kupanda baiskeli kwa hiari yangu nilikuwa nachumbia.

Sababu ni hii. Wiki tatu zilizopita binti yangu alirudi nyumbani kutoka Dodoma, mtoto mgongoni, begi kubwa mkononi. Hapa nitamwita Salma, na mumewe nitamwita Rashidi. Majina siyo yao, na Salma ameniruhusu kuandika kwa sharti asome kwanza.

Tulipomuuliza kosa la mumewe alisema hakuna la kumshtakia. Hapigi, hatukani, halewi. Akiudhika hunyamaza. Hunyamaza wiki nzima, anakula, anaoga, anakwenda kazini, anarudi, hajasema neno. "Mama, nimechoka kuishi na ukuta," alimwambia mama yake. Mimi nilikuwa chumba cha pili napiga pasi. Nikaendelea kupiga pasi.

Utaratibu wa mambo haya unajulikana. Mume huja na wazee wake, wanakaa sebuleni na wazee wetu. Wazee wanasema, mume anainamisha kichwa. Mwisho mke anaitwa na kuulizwa mbele ya watu wote kama amesamehe, na hakuna aliyewahi kusema hapana mbele ya wajomba zake saba.

Rashidi hakuleta wazee. Alinitumia ujumbe. Aliniamkia kwa mistari miwili, akauliza hali ya kila mtu hadi kuku, kisha akaomba kama Jumapili ningeweza kumwonyesha njia ya ziwani kwa baiskeli, sisi wawili tu. Huko Dodoma ana wenzake wa kuendesha nao kila wiki, kwenye zile baiskeli nyembamba ambazo hazibebi hata mkungu wa ndizi.

Nilijibu "Sawa, baba" kabla ya kufikiri.

Kufikiri kulikuja baadaye. Kwetu mkwe haoni goti la mkwe. Hamli sahani moja, hamkutani mlangoni, hamcheki pamoja. Suti yake ya harusi niliishona mimi, lakini vipimo alichukua jirani, mimi nikiwa nyuma ya pazia nasomewa namba kama mgonjwa wa macho. Sasa watu wawili wa namna hiyo wapande baiskeli. Na mavazi ya wanaoendesha baiskeli kwa kupenda nimeyaona barabarani. Ni nguo ambayo fundi aliishiwa kitambaa na bado akadai ameshamaliza.

Nikamwomba Salma amwandikie mumewe aje na suruali. Salma akacheka. Hakuwa amecheka tangu arudi. Nikajifanya natafuta sindano.

Kwa siku tatu nimekuwa mpangaji wa safari. Nimejishonea suruali pana, inabanwa kwenye vifundo vya miguu ili isiliwe na mnyororo. Umbali nimeuliza watu watano, kila mmoja akanipa kilomita zake. Lililonichosha zaidi ni nani atangulie. Nikiwa nyuma, nitamwona yeye. Nikiwa mbele, ataniona mimi, ila mimi nina suruali pana na yeye ana heshima. Basi: mkubwa mbele, mkwe nyuma, tufuate barabara ya lami ambako malori hayaruhusu mtu kujitanua. Mstari mmoja mwanzo hadi mwisho. Adabu imelindwa kila upande.

Nilijipongeza sana kwa mpango huo. Hadi leo asubuhi.

Leo nilikwenda kuujaribu na jirani yangu Ntandu, mwalimu mstaafu, ambaye ndiye mwenye baiskeli zote mbili. Nikamweleza kwamba yeye ni mkwe, akae nyuma. Ntandu ni Mnyaturu wa Ikungi na hangoji kupewa nafasi ya mzaha mara mbili. Pale getini aliinama hadi kofia ikaanguka.

"Shikamoo, baba mkwe."

"Marahaba. Panda baiskeli."

"Siwezi kupanda mbele ya mkwe. Geuka kwanza."

Tukaondoka. Njia nzima ilikuwa upepo wa uso, ule upepo wetu wa mwezi wa saba usiojua mkubwa wala mdogo. Kwenye mwinuko tulipitwa na muuza kuku mwenye matenga mawili nyuma ya baiskeli yake ya chuma, kuku wamejaa hadi shingo zimetoka nje. Akanipa shikamoo huku akinipita, bila kuhema. Kuku nao walinitazama. Sikuwa na pumzi ya kuitikia, nikainua kidole.

Nyuma yangu nilijua Ntandu anaongea kwa sababu yeye huongea daima. Nilikuwa nasikia kama redio ya nyumba ya tatu. Kila sauti ilipopanda mwishoni, kama mtu anayeuliza, nilisema "Eee."

Ziwa lilikuwa pale lilipo siku zote. Ukingoni magadi meupe, heroe, wale ndege wa waridi, wamesimama mguu mmoja mmoja, mawe makubwa yamebebana. Pazuri, sikatai. Tukaegemeza baiskeli kwenye jiwe, nami nikajiegemeza juu ya baiskeli.

"Basi nashukuru," Ntandu akasema. "Nilidhani utakataa."

"Kukataa nini?"

"Sare za kwaya yetu. Watu ishirini na wawili. Nimekuuliza mara tatu, mara tatu umesema eee."

"Ntandu, sikusikia hata neno moja."

"Mimi mkwe tu. Baba mkwe akishasema amesema."

Kwa hiyo nitashonea kanisa zima, mimi ambaye Ijumaa huwa nafunga kibanda mapema. Hilo ni dogo. Nilirudi nikicheka mwenyewe na nyonga zikilia.

Nyumbani nilimkuta Salma uani anakunja nguo za mtoto. Akaniuliza tutapita wapi kesho. Nikamweleza mpango wote kwa fahari, lami, mstari mmoja, mkwe nyuma, na kisa cha kwaya juu yake kama chumvi. Nilitegemea acheke tena.

Hakucheka. Alikunja kishati kimoja, akakikunjua, akakikunja tena.

"Kwa hiyo hutamsikia."

"Upepo ukitulia nitamsikia."

"Baba, mimi ndiye niliyemwambia aombe hiyo safari ya baiskeli."

Nikakaa kwenye ndoo. Akasema bila kuniangalia, taratibu, kama mtu aliyeyapanga maneno siku nyingi.

"Wakija wazee, Rashidi atanyamaza, na wote mtasema ana adabu. Ndicho anachokiweza. Mimi nitaulizwa nimesamehe, nitaitika, nitarudi Dodoma kwenye ukuta uleule. Nilimwambia kama anaweza kusema na mtu, aje aseme nawe. Wewe peke yako, mkiwa njiani, pasipo na wa kumsemea."

Ndipo nilipomuuliza swali ambalo kwa wiki tatu sikumuuliza, kwa sababu nilikuwa na kazi ya suruali.

"Unataka kurudi kwake?"

"Sijui. Nampenda. Lakini sirudi kwa kupenda tu. Wewe hujui kusema uongo, Baba, hata mteja akiwa mnene unamwambia. Ukirudi kesho uniambie ulichosikia."

"Na nisiposikia kitu?"

"Uniambie hivyo hivyo."

Akabeba nguo akaingia ndani. Nilibaki kwenye ndoo hadi miguu ikafa ganzi.

Nilidhani kesho mimi ni mwonyesha njia. Kumbe mimi ndiye sebule yenyewe, wazee wote wa pande mbili, na jibu.

Mpango nimeubadilisha. Tutaondoka asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, na tutaacha lami mapema, tushike njia ya vumbi upande wa pili wa ziwa. Ni mbali zaidi na ina mashimo, lakini ni pana, na siku ya Jumapili haina gari. Watu wawili wanaweza kwenda ubavu kwa ubavu. Magoti yataonekana. Mama yangu, Mungu amrehemu, angefunika uso kwa kanga. Nimeomba msamaha wake kimoyomoyo na kuendelea.

Mke wangu alinisikiliza nikimweleza haya huku anachambua mchele. Akasema, "Na wewe utamwambia nini? Maana mkiwa wote wawili hivyo, ni kuta mbili kwenye magurudumu."

Nikasema mimi si ukuta. Akaniangalia. Akarudi kwenye mchele.

Ukweli ni kwamba mwaka wa pili wa ndoa yetu nilimnyamazia mwanamke huyu masika yote. Mvua ilianza tukiwa tunaongea, ikaisha hatuongei. Sababu siikumbuki. Yeye anaikumbuka, na siku nilipofungua mdomo hakuniuliza kitu, akanipakulia chakula, nami nikadhani yamekwisha. Sijawahi kumuuliza zile wiki alizipitaje. Binti yake ameniambia leo, bila kujua.

Kwa hiyo kesho tukishafika kwenye vumbi, kabla sijamwuliza kijana wa watu neno lolote, nitamsimulia masika ile. Si hadithi ya mkwe kumwambia mkwe. Itaniuma kuliko tandiko la baiskeli.

Kisha nitanyamaza, nimpe njia yote iliyobaki. Nami nitasikiliza, sitasema eee.