Msemaji wa Mjane

Murukulazo, Jumanne, 1979

Leo nimesema.

Tangu mume wangu afie vitani, shemeji anataka shamba letu la migomba, eti ni la ukoo. Leo tumeitwa kwenye baraza la kijiji. Kwetu mjane hasemi mwenyewe, husemewa na ndugu wa mumewe. Mwenyekiti akaita, "Msemaji wa mama huyu asimame." Akasimama shemeji, maana ndugu mwingine hakuna.

Watu wakaangua kicheko. Bibi mmoja akamwuliza, "We baba, utajishitaki halafu ujitetee?"

Mwenyekiti akakuna kichwa. "Haya mama, sema mwenyewe."

Nikasema yote. Shamba limebaki kwangu na wanangu.

Namshukuru Mungu, ila usingizi hauji. Mwalimu wetu wa kisomo alitueleza kwamba katiba ya Chama inasema binadamu wote ni sawa. Nilifurahi sana siku ile. Lakini mimi leo nimesikilizwa kwa kuwa mwanamume wa kunisemea amekosekana. Kama ningekuwa na mashemeji wawili, je?

Na hawa binti zangu waliolala hapa, nao wangoje mpaka wanaume waishe ndipo waseme?