Riwaya Ninayomsomea Bibi Siyo Niliyoiandika

Mshauri wetu mpendwa, Mama Dafroza,

Shikamoo. Awali ya yote niruhusu nikupongeze kwa safu yako, ambayo mimi na wenzangu hapa Kamunyonge, Musoma, huisoma kila wiki na kuijadili kwa kina, na nisingethubutu kukuchosha kwa barua ndefu kama ningekuwa na mtu mwingine wa kumweleza jambo hili bila kuona haya. Mimi ni msichana mwenye shahada ya kwanza ya fasihi, sijaolewa, na kwa jitihada zangu nimefanikiwa kuandika riwaya ambayo mchapishaji ameikubali na anasubiri tu idhini yangu ya mwisho ili aipeleke mtamboni.

Riwaya hiyo inamhusu mtoto mpweke, na mtoto huyo ni mimi. Nilizaliwa katika kijiji kimoja cha Butiama, katika ndoa ya nyumba ntobhu, ambayo wasomaji wako wa Mara wanaifahamu lakini kwa faida ya wengine naomba niieleze: mama mtu mzima asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe na kumuoa binti, binti huyo huzaa na mwanamume aliyechaguliwa, na watoto huwa wa nyumba ya yule aliyetoa ng'ombe, nao humwita bibi. Bibi yangu Nyangeta ndiye aliyemuoa mama yangu, Esther. Mama alimpenda mvuvi ambaye Bibi hakumchagua, wakagombana mpaka wakaacha kusemeshana ndani ya nyumba moja, wakawa wananituma mimi, "Mwambie mama yako chumvi imekwisha," nami nafikisha ujumbe hatua mbili kutoka hapo, "Mwambie bibi yako aliyeimaliza ndiye akanunue," na hatimaye mama akamfuata mvuvi wake kisiwani Rukuba, nami nikabaki, kwa kuwa kimila nilikuwa mtoto wa nyumba ile. Shuleni watoto walinizunguka wakiimba, "Baba yake Prudensi anavaa gagulo!" na nikirudi nyumbani namkuta Bibi anachambua maharage kimya, nikaanza kuongea na mbuzi.

Sura ya saba ndiyo moyo wa riwaya. Mama anakuja siku moja amebeba sato wawili wakubwa, anaomba kuniona, Bibi anasimama mlangoni, anawapokea wale samaki bila neno, anawatupia mbwa mbele ya macho ya Mama. Mama akaondoka. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nilisikia mbwa wakitafuna. Hayo ndiyo yaliyotokea, Mama Dafroza, sikuyatia nakshi yoyote.

Sasa shida yangu. Bibi hajui kusoma. Aliposikia nimeandika kitabu alitangaza mpaka kanisani, kisha akaniambia, "Njoo unisomee kwanza mimi, kabla hawajakipeleka huko kwa watu." Nikaenda Jumapili baada ya misa nikitarajia kumkuta peke yake, kumbe uwanja umejaa majirani, Mama Ursula amekuja na kigoda chake kutoka nyumbani, Mzee Silasi katekista amewekwa kiti cha mbele, na Bibi mwenyewe amevaa kitenge cha sikukuu. Nilifungua ukurasa wa kwanza, nikamtazama, nikashindwa. Macho yalibaki kwenye karatasi lakini mdomo ukaanza kusema mengine, nikabuni bibi mpole anayemwimbia mjukuu wake, na tangu siku hiyo kila Jumapili nawasomea riwaya ambayo haipo. Watu wanafuta machozi. Mama Ursula alisema kwa sauti, "Nyangeta, kumbe ulikuwaga malaika! Mbona mimi ulikuwaga unanifukuza nikija kuomba moto?" Bibi akamjibu, "Wewe ulikuwa unaombaga moto unaondoka na sufuria." Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Jumapili iliyopita tulifika sura ya saba. Nikasoma kwamba bibi aliwapokea wale sato, akawapika, wakala wote watatu kwenye sinia moja. Watu wakapiga makofi. Bibi peke yake hakupiga. Akaniuliza, "Na mbwa wa nyumba hiyo walikuwa wapi?" Watu wakacheka, nami nikajibu haraka, "Riwaya hii haina mbwa, Bibi." Akasema, "Haya. Endelea." Nadhani umri umeanza kumchanganyia mambo, jambo ambalo linaniongezea huruma.

Mzee Silasi ameshaomba nakala ya kwanza ili awe anamsomea Bibi mimi nisipokuwepo, mchapishaji ananipigia simu, rafiki yangu mmoja ananishauri nibadilishe majina na kuhamishia kijiji Bunda, mwingine anasema niiondoe sura ya saba, lakini mchapishaji anasema ikiondoka hiyo hakuna riwaya. Je, nimuumize aliyenilea na kunisomesha, au niizike kazi niliyoitolea ujana wangu? Naomba msaada wako, nimefika mwisho wa akili yangu.

Prudence, Kamunyonge

*

Mwanangu, marahaba. Majina katika barua yako nimeyabadilisha yote kabla ya kuichapa, maana katekista anayeomba nakala ya kwanza hakosi kusoma gazeti.

Pole kwanza, na pole hii siitoi kwa mazoea. Mtoto kutumwa maneno ya chumvi kati ya watu wazima wawili wanaotumia jiko moja ni mzigo mkubwa, na hakuna mwenye haki ya kukuambia haukukuumiza, hata Bibi. Kwa hiyo habari ya kuizika riwaya iondoe kichwani. Uliyaona, ni yako.

Lakini nitakugombeza kidogo. Umesomea fasihi, umefundishwa kupima kila neno la mhusika, halafu mhusika wako mwenyewe anakuuliza swali mbele ya kijiji kizima, wewe unasema umri umemchanganya! Mbwa walikuwa wapi? Anauliza nani? Aliyewatupia samaki kwa mkono wake! Bibi yako hajachanganyikiwa hata kidogo. Anakumbuka, na alikuwa anakuambia kwamba anakumbuka, kwa maneno ambayo katika uwanja ule ni wewe peke yako ungeyaelewa. Nawe ukamjibu kwamba mbwa hawapo. Anajua unamdanganya, mwanangu, na huenda alijua tangu Jumapili ya kwanza. Yeye si aliishi katika nyumba hiyo? Anajua hakukuimbia. Anakaa pale kila Jumapili akisubiri ufike kwenye mlango ule, na ulipofika ukampikia samaki.

Unadhani unamhurumia. Angalia vizuri unachofanya: unakaa naye, unamtazama, na jambo lenyewe hulisemi. Hivyo ndivyo walivyoishi yeye na mama yako, na wewe unajua kuliko mimi kilichotokea.

Ushauri wa Bunda uache. Watu wa kwenu watamtambua Nyangeta kabla hawajafika ukurasa wa pili, hata ukimhamishia mbali zaidi, na atakayemsomea Bibi habari za mbwa atakuwa Mzee Silasi, kwa sauti yake ya kanisani, watu wote wakisikia. Hiyo ndiyo aibu ya kuogopa. Sura ya saba nayo iache ilipo.

Mpigie mchapishaji leo, mwambie asubiri. Akinung'unika, anung'unike. Usingoje Jumapili, nenda siku ya kazi, asubuhi, majirani wakiwa shambani, na Mama Ursula akitokea na kigoda chake mwombe kwa adabu arudi nacho. Mwambie Bibi, "Nilikuwa nakusomea kisichoandikwa. Leo nitasoma kilichoandikwa." Kisha soma sura hiyo kama ilivyo, pamoja na mbwa, bila kumeza maneno. Akisema acha, acha, urudi siku nyingine. Akilia, usimbembeleze kwa kumwahidi kuifuta. Akikueleza jambo ambalo hukulijua, muulize kama utaruhusiwa kuliandika, na akikataa libaki lake. Uamuzi wa kuchapa ni wako, ila uufanye baada ya hapo, usiufanye kabla. Na utafute siku uvuke Rukuba. Umeniandikia kuhusu mama yako aliyeondoka, na sikuona popote kwamba uliwahi kumuuliza chochote.

Jambo la mwisho, nalo ndilo gumu kwa watu waliosoma. Ukimaliza sura hiyo usimfafanulie Bibi ulikusudia nini. Nyamaza, umsubiri aseme. Mama yako alipoondoka mlibaki wapweke wawili katika nyumba ile, nawe mpaka leo umeandika habari za mmoja.

Mama Dafroza