Goti Bovu la Bibi

Jumatatu, 3 Machi
Thelathini na nane! Mtihani wa mifupa nimeanguka tena. Mwalimu wetu — darasa zima tunamwita Bwana Tena, maana ukijibu lolote yeye ni "tena!" — kasema Ijumaa ya wiki ijayo ndiyo marudio ya mwisho. Nikipata chini ya hamsini, uuguzi kwaheri. Nimefika nyumbani nimechoka mwili na roho. Nikamdanganya Bibi kwamba nimefaulu. Akaniangalia tu, akanimiminia chai.

Alhamisi, 6 Machi
Daftari sijaligusa. Nimefagia ua mara mbili ili tu nisilifungue. Bibi kauliza mbona mtu aliyefaulu hali chakula — nikaangua kilio! Nikamwaga yote. Nilidhani atafoka. Wapi! Akasema, haya mke mwenzangu, lete hiyo mifupa tuione. Nikamwambia mifupa iko chuoni. Akauliza, na hii anayotembea nayo yeye miaka sabini na moja ni ya nani?

Jumapili, 9 Machi
Bibi kabandikwa plasta mwili mzima, kila mfupa na jina lake na upande wake. Mtulinga. Fupaja. Kilegesambwa. Nikigusa mbavu anacheka mpaka plasta zinabanduka — kumbe anatekenyeka, sikujua!

Mara akainamia magoti. Akauliza, goti lake bovu ni la kushoto, mbona nimeandika kulia? Nikasema si liko kulia kwangu? Bibi, mshonaji wa miaka arobaini, akashika kiuno. Mkono wa kushoto wa gauni, kauliza, ni kushoto kwa fundi au kwa mwenye gauni?

Yaani! Muhula mzima nataja pande kama ninavyoziona mimi niliyesimama mbele. Majina nayajua, pande ndizo zimenimaliza. Nampenda huyu bibi, jamani.

Jumatano, 12 Machi
Makosa mawili tu kati ya arobaini. Halafu Bibi kaenda dukani na plasta ya FUPANYONGA imebaki nyuma ya gauni. Muuza duka kamuuliza kama ndiyo timu yake. Karudi anatamba.

Ijumaa, 14 Machi
Niko koridoni, chuoni. Wamebaki wawili mbele yangu. Na Bibi kaja! Ngazi zote zile, na goti lile! Nimemgombeza, kasema ninyamaze nisome. Bwana Tena katoka, akamwelekeza kwa heshima kwamba wagonjwa ni jengo la pili. Bibi akajibu haumwi, kamleta mwanafunzi wake.

Kushoto kwa nani? Kwa mwenye gauni. Au kwa fundi? Mungu wangu, si nilikuwa najua asubuhi!

Bado mmoja.

Naitwa. Mlango u wazi, ile mifupa imesimama mle ndani inanikodolea. Bibi kaweka mkono gotini, analisugua polepole, lile bovu, huku ananitazama. La kushoto kwake, kwa mwenye gauni — naingia!