Kopo la Mbegu za Bibi

Evere, Bruxelles
22 Februari 2026

Mpendwa mama mdogo Antoinette,

Pokea salamu zangu, za mume wangu Noé na za watoto. Goti lako linaendeleaje tangu mvua zirudi? Na baba mdogo Polycarpe, kile kikohozi kimemwacha? Sisi huku miili ni mizima, tunamshukuru Mungu. Moyo ndio mgonjwa. Ni wiki ya sita tangu tumzike mama, na mpaka leo nikirudi kazini natoa vikombe viwili vya chai, halafu narudisha kimoja kabatini.

Nimefurahi sana kusikia kwamba mmerudi nyumbani na mmekuta paa lipo. Uliponiambia hata mlango upo nilicheka peke yangu ndani ya basi, watu wakaniangalia.

Sasa nije kwa lile uliloniomba. Katika ujumbe wa sauti ulionitumia ulisema fungu lako la maharagwe ya bibi, yale ya njano yenye mstari mwekundu, mlilila njiani mlipokimbia vita. Ulisema msimu wa pili umeanza, shamba limelimwa, na unataka nikurudishie punje chache kutoka fungu la mama. Nimenyamaza siku kumi. Nilichukua simu mara nyingi nikairudisha mezani. Jibu lake si la kusemwa kwa simu, ndiyo maana naandika, na Bienaimé, anayesafiri kuja huko, atakuletea barua hii mkononi.

Unajua mama alikuja Agosti kwa ajili ya figo. Katika begi alikuwa na vitenge vitatu, Biblia, na mbegu zimefungwa kwenye leso. Mimi nilimwonyesha hospitali, yeye akaniuliza shamba liko wapi. Basi nikampeleka kwenye bustani ya mtaa, ambako tuna kipande cha ardhi kisichozidi chumba chako cha kulala. Alichukua udongo, akaunusa, akasema ni mzuri.

Mwezi wa tisa mvua ikanyesha. Kwetu, mvua hiyo ikigonga bati hakuna anayeulizwa, kila mtu anachukua jembe. Mama naye hakuniuliza. Nilimkuta ameinama na mbegu mkononi, nikamwambia, "Maman, huku si Bukavu. Mvua hii inaleta baridi." Akanijibu bila kuinuka, "Mvua inanyesha, udongo iko muzuri, na wewe unaniambia nisipande? Ni nani alikufundishaka kulima?" Nikacheka, mama mdogo. Nilikuwa nimetoka zamu kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, miguu inauma, nikaona acha apande, atajionea. Hilo ni kosa langu la kwanza.

Maharagwe yakaota vizuri mno. Alikuwa akiyatembelea kila siku kama mgonjwa. Wiki ya kwanza ya Novemba nikamwambia usiku huo maji yataganda. Akatoa kitenge chake cha bluu, kile cha harusi ya kaka Mwenze, akaenda akayafunika. Asubuhi tulikuta kitenge kimekakamaa kama ubao, na chini yake majani ni meusi na yamelegea. Hakuna hata ua moja lililokuwa limetoka. Mama alisimama muda mrefu. Akasema, "Udongo ya huku inadanganya muntu," akaanza kung'oa mche mmoja mmoja, akiiweka kwa mstari kama anayepanga watu.

Dada yako hakuwahi kukosa mavuno, wewe unajua kuliko mimi. Siku ile alizeeka.

Aliyemwinua ni Aïcha, mama mmoja Mmoroko mwenye kipande cha pembeni. Kifaransa cha mama kilikuwa kidogo na cha Aïcha kina haraka, lakini walielewana kwa mikono. Alimfundisha kwamba huku msimu wa baridi una mazao yake. Vitunguu saumu vinapandwa Novemba, ncha juu, vinalala ardhini mpaka kiangazi. Fèves, maharagwe makubwa ya kwao, yanapandwa wakati huohuo, hata theluji haiyaui. Spinachi inafunikwa kitambaa cheupe chepesi, na majani yakiwa yameganda huyagusi mpaka saa sita mchana, la sivyo yanavunjika.

Ziko pia kabichi za majani yaliyojikunja, zisizofunga kichwa. Mwanzo mama aliziita chakula cha mbuzi. Aïcha akamkatia baada ya baridi kali, mama akazipika na mawese, akakuta ni tamu. "Kumbe baridi nayo inapika!" akasema. Ndiyo mara ya mwisho nilimwona akicheka mpaka akashika mbavu.

Desemba figo zikazidi. Akaacha kula. Nilimpikia ugali, samaki wa ndagala, uji, kila kitu anaonja kijiko kimoja anasukuma sahani. Jumapili moja nikawa natafuta unga, na nyuma ya mfuko nikakuta kopo la maziwa, ndani yake maharagwe. Sikuyatazama vizuri. Nilichowaza ni kwamba nimepata maharagwe ya nyumbani, labda haya atakula.

Unajua kwetu mbegu inawekwa ndani ya jivu. Hata mtoto akifungua kopo akaona jivu, anafunga, anajua hicho si chakula. Lakini hapa tunapika kwa umeme, jivu mama angelitoa wapi? Yale maharagwe yalikuwa safi, yanang'aa. Nikayaloweka, nikayapika yote na mawese na liki, vile vitunguu vya majani vya bustani.

Nilimketisha kitandani, nikamwekea sahani mapajani. Alitia kijiko cha kwanza mdomoni, akaacha kutafuna. Akaangalia sahani.

"Rolande, haya umeyatoa wapi?"

"Mu kopo, maman."

"Yote?"

"Yote."

Akachota kijiko kingine. Kisha akala. Alikula mpaka chini, akafuta sahani kwa kidole, akaniambia, "Ni tamu, mutoto yangu. Ongeza." Nikaongeza. Unakumbuka jioni ile nilikupigia simu nikipiga kelele kwamba mama anakula? Ulipiga vigelegele huko, na yeye alikuwa ameketi palepale, ananitazama tu, anatabasamu.

Baada ya wiki tatu akatuacha.

Sikujua chochote mpaka siku ya sauti yako. Ulisema, "Dada hawezi kupanda yote, bibi yako alitukataza. Angalia vizuri, nusu ameificha mahali." Nikakaa chini jikoni. Aliificha kweli, mama mdogo, nami ndiye niliyeipika. Hakuna punje iliyobaki. Nimetafuta kwenye mabegi, kwenye mifuko ya vitenge, hata kwenye leso ile. Hakuna.

Maji yamemwagika, hayazoleki, najua. Lakini linaloniamsha usiku si mbegu peke yake. Nakumbuka lile neno "Ongeza". Alijua tangu kijiko cha kwanza, na akaomba aongezewe ili mimi nisijue. Mgonjwa ambaye hata uji ulikuwa unamshinda alikula sahani mbili kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa nashangilia.

Jana nilikwenda bustanini. Vitunguu saumu vyake vimetoa vidole vya kijani, na fèves zimesimama, ingawa theluji ilizilaza mara mbili. Aïcha anasema Aprili zitatoa maua. Nilipalilia kidogo, nikalia kidogo, nikarudi.

Nisamehe. Kama huwezi sasa, nikasirikie kwanza, hiyo ni haki yako, ila usinyamaze.

Wasalimie baba mdogo Polycarpe, kaka Mwenze na mke wake, na Mignonne na mtoto wake mchanga ambaye sijamwona. Noé anasema mchango wa misa ya siku arobaini tayari uko kwa Bienaimé. Mungu awape mvua ya kiasi na usingizi usiokatizwa.

Pamoja na barua hii Bienaimé atakupa kopo la mama. Usilitikise ukitafuta kitu, ni tupu. Siku ile nilipoyapika maharagwe alinikataza kulitupa, nikadhani analipenda kopo tu. Waulize majirani, uliza hata kule sokoni, huenda kuna mtu ambaye bibi alimgawia zamani. Ukipata, hata punje tatu, zitie humo. Na tafadhali, mama mdogo, weka jivu.

Mwanao anayekupenda hata alipokosea,

Rolande