Tepu ya Hiram

Phelista, wachana na hiyo sufuria, soma hii kwanza.

Unajua pickup ya Wacera, ile taa ya ABS inawaka ikitaka. Ikiwaka, ukikanyaga breki kwa nguvu magurudumu yanafunga, unateleza tu.

Sasa inawaka akibeba mahindi. Akishusha, inazima. Amemwambia fundi wake Hiram wa Kitale mpaka amechoka. Hiram ati, "Shusha mzigo kwanza, madam." Anashusha. Huyo bwana anazunguka yadi na gari tupu, anarudi kifua mbele: "Iko sawa. Ni wewe unakanyaga vibaya."

Ati NI WEWE!

Jana akamwachia tena gari. Leo amebeba magunia ya kupeleka Bungoma, na taa haiwaki. Akamsifu Hiram njia yote, bana. Kufika Kiminini, mvua, ng'ombe huyo barabarani. Breki! Pickup ikateleza mpaka ndani ya kibanda cha nyanya. Hakuna aliyeumia, asante Mungu.

Akakagua dashibodi. Tepu nyeusi! Hiram alibandika TEPU juu ya taa. Akaibandua, taa hiyo inawaka tu.

Akarudi Kitale na mzigo wote. "Leo sishushi. Ingia chini." Hiram akaingia. Mzigo umekalia springi, waya wa ABS wa gurudumu la nyuma umevutwa hadi unachomoka.

Jamaa akatoka akipangusa miwani: "Lakini madam, si taa ndiyo ilikuwa inakusumbua?"

Wacera akamnyang'anya hiyo miwani, akabandika tepu vioo vyote viwili, akamvalisha.

"Haya. Nawe umepona."