Mvua ya Jumamosi

Jumanne, Ntinda

Injinia wetu mkuu ana tai nzuri, basi. Kipimo cha mvua cha Naguru hakisomwi wikendi, kwa hiyo Jumatatu kinakuwa na maji ya siku tatu. Yeye akagawa kwa tatu. Mvua iliyomwagika Jumamosi kwa saa moja ikawa manyunyu, na kalavati la kupitisha maji bondeni akalichora dogo.

Nikamwambia, "Bosi, yote ilinyesha Jumamosi. Ilininyeshea mimi."

Hakuinua hata macho. "Nyabo, bibie, hesabu haijali nani alilowa."

Mjinga mwenye kikokotoo. Watu wa bondeni wataingiliwa na maji kwa sababu yake.

Yake na yangu. Jioni mchoro uliletwa mezani kwangu, chini pameandikwa "Imehakikiwa na". Nikatia sahihi.